Mafanikio Hayasemwi na Mwenyewe

Wako wasomi, na baadhi yao ni marafiki wa kurasa hizi, wanaoshikilia kwamba Kiswahili kina pengo. Mwingereza, wanasema, ana neno lake accomplishment, ambalo kwa mkupuo mmoja lataja tendo lililofika mwisho wake, heshima ya kulifikisha, na ustadi wa aliyelifikisha. Sisi, ati, tunababaika baina ya mafanikio, utimizaji, ukamilishaji na ufanikishaji, kila moja na kilema chake. Dawa wanayoipendekeza ni ileile ya siku zote: liundwe neno jipya, lipelekwe barazani, lipigwe muhuri, liingie kamusini. Nimeshika kalamu kuipinga dawa hiyo, na zaidi kuupinga uchunguzi uliomfanya tabibu aiandike. Maneno tunayo, tena ya kumwaga. Kilichotupotea ni jambo jengine: tumesahau ni kinywa cha nani kinachostahiki kuyatamka.

Tuanze kwa kilicho karibu nasi. Kila apendaye tungo anaijua kaditamati. Mtunzi akifikia ubeti wa mwisho hutia nanga: tamati, kaditamati, au kwa mkato kaditama. Asili yake ni Kiarabu, qad tammat, yaani imekwisha timia. Wanakili wa miswada ya kale, Pate na Lamu na huku Unguja, walivifunga vitabu vyao kwa neno hilohilo. Sasa itazameni sarufi yake. Kiima cha kitenzi kile si mtunzi. Mtunzi hasemi "nimetimiza"; husema "imetimia", yaani kazi yenyewe. Tena mara nyingi, pale pale anapotia nanga, huwaomba radhi wajuzi wamsitiri penye kasoro na wapanyooshe palipopinda. Kwa maneno mengine, anatoa habari moja tu ambayo ni haki yake kuitoa, kwamba kazi imefika mwisho. Kama kazi hiyo ni njema au mbovu, amewaachia wasikilizaji.

Katika shina hilo hilo la tamma yameota timia, timiza, timilifu na timamu. Mwezi hutimia, siku hutimia, miezi ya mja mzito hutimia, watu wakisubiriwa barazani hutimia. Maana iliyomo ndani ya maneno yote hayo ni kujaa. Na ajabu ni kwamba neno la Mwingereza nalo, likifuatwa hadi Kilatini, hufika kwenye complere, kujaza. Basi yule na sisi tumeanzia pishi moja. Pishi ikijaa, aliyesimama pembeni anaona imejaa. Mwenye pishi hana haja ya kuapa. Na ikiwa haijajaa, kiapo hakiongezi hata punje.

Liko pia neno hitimu. Katika vyuo vyetu vya Kur'ani mtoto hahitimu kwa kutangaza kuwa amehitimu. Anahitimu kwa sababu maalim ameketi, amesikiliza juzuu baada ya juzuu, amerudisha makosa, mpaka siku ile aliposema basi. Baadaye serikali ililichukua neno hilo ikalivisha joho na kofia yenye kishada, likawa la vyuo vikuu, na hapo pana kheri yake, kwani hata huko mhitimu hujulikana kwa kuwa mtu mwengine amemsahihisha. Nalitaja kwa haraka. Halina ugomvi nami.

Ugomvi wangu uko kwa mafanikio. Neno hili, kama wengi wajuavyo, limetoka kwenye fana. Na fana ni kitenzi cha ajabu kwa adabu yake. Nani husema "arusi imefana"? Husema aliyealikwa. Husema jirani aliyesikia beni kutoka uchochoro wa pili. Husema mama aliyekula biriani akafungiwa na sahani ya kumpelekea mgonjwa wake. Mwenye arusi, ukimsikia yeye mwenyewe anapita mtaani akitangaza kuwa arusi yake imefana, utamtazama mara mbili. Yeye husema alhamdulillahi, tumeshukuru, wageni wametupa heshima. Kutoka hapo tukapata fanaka, ambayo huombewa mtu na wenziwe, kila mwaka, kila Idi, kila ndoa: heri na fanaka. Hakuna anayeandika kadi ya kujiombea fanaka mwenyewe na kujipelekea. Kisha tukapata fanikiwa, na ndani yake imo w ile ndogo ya kutendwa. Aliyefanikiwa ametendewa. Kuna mtendaji mwengine nje yake: Mola, bahati, watu waliomshika mkono. Waliolifinyanga neno hili walikuwa na akili kutushinda. Walimfungia mlango mwenye kujisifu ndani ya sarufi yenyewe.

Naye akapitia dirishani. Ndugu msomaji, chukua taarifa yoyote ya miaka hii, ya halmashauri, ya wizara, ya chama cha ushirika, ya mradi wa wafadhili, hata ya kikundi cha taarabu kinachoomba ruzuku. Utakuta vichwa viwili vimesimama kama nguzo za mlango: Mafanikio, na Changamoto. Chini ya cha kwanza mwandishi wa taarifa anajieleza yeye mwenyewe. Chini ya cha pili anaweka kila kilichomshinda. Changamoto, neno ambalo lilikuwa la ari, la kumchochea mtu asimame atende, limegeuzwa shuka la kufunika maiti. Kisima hakina maji: changamoto. Fedha hazionekani: changamoto. Skuli imeezuliwa na upepo mwaka wa nne huu: changamoto. Na mafanikio yamekuwa wingi usio na umoja. Katika mazungumzo ya kawaida husikii mtu akitaja fanikio moja, lenye siku yake na mahali pake, ukaweza kwenda kuligusa. Ni mafanikio tu, lundo lisilohesabika, na lisilohesabika halikaguliki. (Ufanisi nao, ambao makamusi ya zamani yaliufasiri kuwa baraka na ustawi, siku hizi umefungiwa katika injini na ofisi. Tumeuacha uende bila hata kuuaga.)

Maradhi haya si yetu peke yetu. Tarehe 1 Mei 2003, rais wa Marekani George W. Bush alisimama juu ya manowari Abraham Lincoln, karibu na pwani ya California, na nyuma yake likatundikwa bango kubwa lenye maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kwamba kazi imetimizwa. Kazi yenyewe ilikuwa vita vya Iraq. Majeshi yale yaliondoka Iraq Disemba 2011, na mwaka 2014 yakarudi tena. Bango lile halikusema uongo wa kisarufi. Neno lilikuwa sahihi, tahajia sahihi, rangi nzuri. Kasoro ilikuwa moja: lilitundikwa na aliyepigana, wala si na yule aliyepiganiwa nchini mwake. Basi wale wanaotwambia tuombe neno kwa Mwingereza wakumbuke kuwa Mwingereza na jamaa zake neno wanalo, na halikuwasaidia.

Ili nisionekane napiga domo juu ya vyeo na mabango tu, nitamchukua msomaji wa visiwani mbali na bahari, mpaka nyanda za juu za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Nimeuchagua upande huo kwa sababu huko neno mafanikio liligusa ardhi ya watu, tena kwa maelfu ya ekari. Na, kusema kweli, kwa sababu huko kuna mahali paitwapo Tumati. Sikio la mpenda mashairi halina budi kuruka linaposikia jina hilo, maana linasikia tamati. Nisisingiziwe kudai kuwa jina limetoka Uarabuni. Ni nchi ya Wairaqw, na Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, haikungoja manakili wa Lamu kuifundisha kutaja vilima vyake. Kufanana ni kwa sauti tu. Lakini sauti nazo zina kazi ya kumgusa mtu bega atazame upande asiouzoea, na sisi wa pwani tuna desturi mbaya ya kutotazama bara ila tunapotaka kucheka ngeli zao.

Kusini ya huko, chini ya mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ziko mbuga za Basotu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, iliamua kuzilima ngano kwa mashine. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lililojulikana zaidi kwa jina la NAFCO, likajenga mashamba makubwa saba, na jumla ya ardhi ikafika ekari zipatazo laki moja. Matrekta yalikuja, mashine za kuvunia zikaja, wataalamu wakaja, na ngano ikatoka kweli. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini ilikuwa ya Hanang. Katika taarifa, hapana shaka yalikuwa mafanikio. Mimi mwenyewe siwezi kuikataa ngano iliyoonekana kwa macho, wala siwaiti waliolima waongo.

Lakini nyasi zile zilikuwa na wenyewe. Wabarabaig, ambao ni katika Wadatoga, walizichunga kwa mzunguko wa majira. Ng'ombe walihamishwa kutoka aina moja ya malisho hadi nyengine kwa mpango uliojulikana kwa wazee. Mabonde yenye udongo mzuri, ambayo kwa mkulima wa trekta yalionekana matupu kwa kuwa siku aliyofika hapakuwa na ng'ombe, ndiyo yaliyokuwa akiba yao. Tena mbugani humo yalikuwamo makaburi yao. Kwa Wabarabaig mzee aliyeheshimika hujengewa kilima cha maziko kiitwacho bung'ed, na shughuli zake huchukua miezi kama tisa, koo zikikusanyika, mpaka kilima kiinuke. Ninapenda msomaji asimame hapa kidogo. Hii ndiyo tamati ya mtu kwa watu wale: maisha yametimia, na waliobaki wanashuhudia kwa mikono yao, kwa udongo, kwa miezi tisa. Marehemu hajisifu. Na baadhi ya vilima hivyo vililimwa na majembe ya matrekta, kwani kwenye ramani ya shamba havikuwa kitu.

Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji kadhaa walikwenda mahakamani kuishitaki NAFCO. Mahakama Kuu iliona kuwa wana haki. Shirika likakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Zilitolewa sababu zaidi ya moja: baraza la kijiji halikuonyesha kuwa limegawiwa ardhi ile kwa njia ya sheria, na wanakijiji waliodai kwa mila hawakuthibitisha kwa ushahidi kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Mimi si mwanasheria na sitaki kumfundisha jaji kazi. Ila kwa mtu wa maneno jambo hili linashitua. Upande mmoja neno moja, wenyeji, lilidaiwa ushahidi: nani wewe, ulizaliwa wapi, nani atakushuhudilia. Upande wa pili neno mafanikio lilipita mwaka hadi mwaka katika taarifa bila mtu yeyote kulidai shahidi hata mmoja. Aliyezaliwa mahali pale alitakiwa athibitishe uzawa wake. Aliyekuja na trekta hakutakiwa athibitishe fanaka yake.

NAFCO yenyewe haipo tena, na mashamba yale yaliingizwa katika mpango wa ubinafsishaji.

Sasa msomaji apande nami kidogo kuelekea kaskazini, turudi upande wa Wairaqw. Katika kitovu cha nchi yao, Irqwa Da'aw, pande za Kainam, kuna kilimo ambacho wataalamu wa jiografia wamekwenda kukistaajabia mara kwa mara. Miteremko mikali imelimwa tangu kabla ya Wajerumani kufika, na haijamomonyoka ikaisha. Siri yake, kama ni siri, ni samadi inayobebwa shambani mwaka baada ya mwaka, kingo za kuzuia udongo, vijifereji vya kuongoza maji, mazao yanayopokezana, na bonde lililoachwa liwe nyasi. Hakuna aliyezindua. Hakuna jiwe la msingi. Kila mtu aliongeza kidogo juu ya alichokikuta: huyu alisogeza jiwe, yule akaimarisha tuta la babaye, na jumla ya vidogo hivyo ikawa mlima mzima unaolisha watu.

Hapa nakiri kuwa mfano huu unaisumbua hoja yangu mwenyewe, na ndiyo maana naupenda. Nimesema tunalo neno tamati, la kazi iliyofika mwisho. Kingo za Irqwa Da'aw hazina mwisho. Siku zikisemwa zimetimia, zitaanza kubomoka. Basi je, si mafanikio? Nani atakayethubutu kukana? Ila tazama kuwa hata hapa neno limekaa kinywani mwa mwengine. Mkulima anayebeba samadi hasemi kitu; ana samadi ya kubeba. Ni mgeni, ni mtafiti, ni mjukuu aliyekuta udongo haujakwenda na maji, ndio wanaosema. Shamba la Basotu lilijisema lenyewe tangu msimu wa kwanza. Mteremko wa Kainam ulingoja usemwe.

Na hao Wairaqw, ambao wengi wetu tunawajua kwa jina la Wambulu na hatuwajui kwa jambo jengine, wanao utanzu wa kauli uitwao slufay. Ni dua na ni ushairi. Mzee hodari wa maneno husimama katika mkusanyiko wa watu na kuitoa, akiombea nchi, mvua, watoto na mifugo, na waliohudhuria humuitikia kwa sauti ya pamoja. Wasomi wa lugha wameiandika na kuichambua, na mpenda mashairi wa pwani angefanya vyema kuitafuta. Ninachotaka kukionyesha ni ule muitikio. Kauli ya mzee mmoja, hata akiwa fasaha namna gani, bado haijawa kauli ya nchi mpaka waitikie. Akisimama peke yake shambani akaitoa kwa mbuzi, atakuwa amesema maneno mazuri, lakini slufay haikuwa. Sisi tunayo "amin", tunayo vifijo na vigelegele, tunao watunzaji wanaokwenda kumtunza muimbaji noti jukwaani. Tunajua vizuri sana jambo hili, mpaka tukae mezani kuandika taarifa.

Najua nitajibiwa. Jibu la kwanza nalisikia tayari: Waswahili nao hujisifu! Mbona washairi hujinasibu, hujigamba, hujiita simba, papa, nyangumi? Mbona Fumo Liyongo kwa mujibu wa masimulizi alijisifu, na bado tunamuenzi? Ni kweli, na mimi ni wa mwanzo kuipenda mikogo ya malumbano. Lakini majigambo ya mshairi husemwa mbele ya hasimu wake. Akijiita papa, ubeti unaofuata utamvua kwa nyavu, na kadamnasi itacheka. Kujigamba kwake ni rehani. Ameweka jina lake mezani, na mwenziwe ana zamu. Taarifa ya mafanikio haina zamu ya pili. Mchungaji wa Barabaig hakupewa ubeti wa kujibu ukurasa wa ngano. Angepewa, ningenyamaza.

Jibu la pili ni zito zaidi: serikali, mashirika na hata vikundi vyetu vina wajibu wa kuwaeleza watu walichokifanya, na anayelipa kodi ana haki ya kuelezwa. Sina ubishi. Waeleze! Waseme: tulichimba kisima mahali fulani, tarehe fulani, kwa kiasi fulani cha fedha, na maji yalitoka au hayakutoka. Hizo ni habari, na mtendaji ndiye mwenye habari zake, kama mtunzi alivyo na haki ya kutia tamati. Ninachokataa ni yeye huyo huyo kuruka kutoka habari hadi hukumu, kutoka "imekwisha" hadi "imefana". Wahenga walishapima jambo hili: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema chema hakiuzwi. Walisema hakiuzwi na miguu yake.

Jibu la tatu ni la wazee wenzangu, nao hunionya kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo, wanasema, sifa za wengine nazo zina sumu, na afadhali mtu ajipime mwenyewe. Methali naikubali. Lakini tuisome vizuri. Aliyegundua kuwa tembo lina maji ni nani, kama si mnywaji? Mgema akijisifu mwenyewe, hatuna hata wa kutwambia kuwa ladha imebadilika.

Na sisi wa tungo, tusijione tumekaa juu ya ukuta tukitazama wengine. Vitabu vya mashairi vya siku hizi vinakuja na jalada la nyuma lenye mafanikio ya mtunzi: amehudhuria kongamano hili, amepewa cheti kile, ni mshairi aliyefanikiwa. Wako vijana wanaojiita malenga katika kitabu cha kwanza. Zamani umalenga hukujipa. Watu walikuita, na ulipoitwa ulitazama nyuma kuona kama kuna mwengine anayeitwa. Ushaha ndiyo kabisa. Mwanamke aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, alipewa na wazee wake jina la Mtumwa. Siti, jina ambalo dunia nzima inamjua kwalo, alipewa na wengine baada ya kumsikia akiimba. Hakuligonga mwenyewe kwenye kibao cha mlango. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, jina lilikwenda naye kama mzigo wa heshima uliofungwa na mikono ya wasikilizaji. Na Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu mwaka 1933, aliyetutoka mwaka 2021, chuo chake kilikuwa cha Kur'ani, na kazi zake zilikuwa uvuvi, ubaharia na uchukuzi wa mizigo bandarini. Ukiziweka katika karatasi ya kuombea kazi, hazijazi nusu ukurasa. Kimbunga chake, kilichotolewa na chuo kikuu mwaka 1994, kilisomwa na watu ambao hawakujua wala kuuliza mtunzi alibeba magunia mangapi ya karafuu.

Kwa hiyo nawarudia wale wanaotaka neno jipya. Tukiwaundia leo, na lipite vikao vyote, kesho litakuwa kichwa cha habari katika taarifa ileile, juu ya kisima kilekile kikavu, na keshokutwa watarudi kusema nalo limechakaa, wanataka jengine. Kama kuna kazi ya kufanywa na baraza, ni kuwafundisha waandishi wa taarifa kutofautisha vitenzi walivyonavyo. Kazi iliyofika mwisho imetimia au imekamilika, yatosha. Aliyefunzwa akapimwa amehitimu. Aliyeijua kazi yake ni stadi, na ustadi wake atausema mteja. Na safu ile ya mafanikio iachwe tupu siku taarifa inapoandikwa, ipelekwe kwa wanaoteka maji, wanaochunga, wanaosoma kitabu, waijaze wao kwa mwandiko wao, hata ikiwa mbovu tahajia yake. Kama watajaza neno moja tu, na neno lenyewe ni "bado", hilo nalo ni Kiswahili fasaha.

Kwa upande wangu nimeanza na lililo ndani ya uwezo wangu. Mhariri ana desturi ya kuweka chini ya kila makala mistari miwili mitatu ya kumsifu mwandishi wake, na mistari hiyo, kama ilivyo kila mahali, huandikwa na waandishi wenyewe. Nimemuomba chini ya hii asiweke kitu.